Gemu za vita za zamu: kwa nini mgeni hushindwa kabla ya pigo la kwanza

Lalamiko ni lilelile, awe analitoa kijana aliyezoea mpira wa PlayStation au mtu mzima aliyekulia kwenye drafti: "Hii gemu inaniibia." Skrini ilimwambia ana nafasi ya asilimia 60 ya kumpiga adui, akapiga mara tatu, akakosa zote tatu. Adui mwenye asilimia 40 akapiga mara mbili, zote zikaingia. Baada ya mechi kadhaa za namna hiyo mtu anahitimisha kwamba ni kamari iliyovalishwa mapanga na majoka, anaifuta kwenye kompyuta, na anawaambia wenzake wasijisumbue.

Nazipenda sana gemu hizi, na inaniuma kuona watu wanaishia hapo, kwa sababu kinachowashinda si bahati. Ni maamuzi waliyoyafanya zamu mbili tatu kabla ya pigo la kwanza: walimwajiri nani, walimsimamisha wapi, na ilikuwa saa ngapi. Kufikia wakati kete zinarushwa, sehemu kubwa ya matokeo imeshapangwa. Nitajaribu kuonyesha jinsi inavyopangwa, na namba zake.

Tuanze na maana. Gemu ya zamu ni ile ambayo wachezaji hupokezana: unasogeza askari wako wote, unashambulia pale unapotaka, unamaliza zamu, kisha mpinzani anafanya yake. Ukicheza na kompyuta hakuna saa inayokukimbiza. Unaweza kuacha zamu katikati, ukaenda kupika, ukarudi. Bao na drafti ni za ukoo huu. Gemu ya mkakati ni ile ambayo huongozi shujaa mmoja bali jeshi zima, pamoja na hazina inayolilipa. Na zikiitwa za kifantasia, maana yake jeshi hilo lina wachawi, mazimwi, wafu wanaotembea na watu-joka wanaopuliza moto, katika nchi ambayo haipo kwenye ramani yoyote ya dunia.

Gemu za aina hii ni nyingi. Mimi nitashika moja, Battle for Wesnoth, kwa sababu kila namba inayoamua pambano unaweza kuiona kabla hujabonyeza. Ilianzishwa na David White mwaka 2003, toleo la 1.0 likatoka 2005, na hadi leo inaendelezwa na watu wanaojitolea. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Haina duka la kukuuzia upanga wa nguvu kwa pesa halisi. Inakwenda kwenye Windows, macOS na Linux, haidai kompyuta ya bei mbaya, na ukishaipakua unacheza kampeni zake, yaani hadithi zenye ramani zinazofuatana, bila bando. Kwa hiyo anayedhani gemu za namna hii ni za wenye mashine za mamilioni aiondoe hofu hiyo mapema.

Unachokiona kwenye skrini

Uwanja ni ramani iliyogawanywa katika vigae vya pembe sita, hivyo kila askari ana majirani sita. Kila kigae kina ardhi yake: nyasi, msitu, kilima, mlima, maji, kinamasi, kijiji, ngome. Kila askari ana uhai, yaani kiasi cha majeraha anachoweza kubeba kabla hajafa. Ana hatua anazoweza kwenda kwa zamu moja. Ana daraja, ambalo kwa wengi huanzia moja. Na ana silaha. Silaha huandikwa kwa namba mbili. Askari wa mkuki wa jeshi la wanadamu ana 7–3: mapigo matatu, na kila pigo linaloingia linaondoa uhai 7. Pigo ama linaingia lote ama linakosa lote, hakuna nusu.

Silaha ni za karibu au za mbali. Unaposhambulia, adui anajibu kwa silaha ya umbali uleule uliouchagua wewe. Ukimpiga kwa upinde mtu mwenye upanga tu, hana cha kukujibu. Orki wa kawaida wa daraja la kwanza, jitu la kijani lenye upanga wa 9–2, hana upinde. Mpiga mishale wako anaweza kumchoma bila kupata hata mkwaruzo. Tatizo linakuja pale unapomwacha mpiga mishale huyohuyo mstari wa mbele na zamu ikageuka, maana sasa anayechagua umbali ni orki. Wageni wengi hujifunza nusu ya kwanza ya kanuni hii haraka sana, na nusu ya pili wanachelewa kuijua.

Vijiji kwanza, panga baadaye

Kamanda wako akiwa katikati ya ngome yake anaajiri askari kwa dhahabu, nao hutokea kwenye vigae vya ngome vinavyomzunguka. Zamu za mwanzo, kabla adui hajaonekana, kazi ni moja: kuteka vijiji. Mgeni huona hilo ni kupoteza muda, anakusanya kila mtu na kuelekea moja kwa moja kwa adui. Hesabu ifuatayo itamrudisha nyuma.

Katika kampeni nyingi unapata dhahabu 2 kila zamu bila kufanya lolote, na dhahabu 1 kwa kila kijiji unachokishikilia. Upande wa pili kuna posho: kila askari anadai dhahabu sawa na daraja lake, lakini kila kijiji kinakubebea posho ya daraja moja. Chukua jeshi la askari sita wa daraja la kwanza na vijiji vinne. Mapato ni 6. Posho ni 6 ukitoa 4, yaani 2. Mfukoni kinabaki 4. Sasa adui akunyang'anye kijiji kimoja tu. Mapato yanashuka hadi 5, posho inapanda hadi 3, kinabaki 2. Kijiji kimoja kimekata kipato chako nusu, na wakati huohuo kimemnenepesha adui. Ndiyo maana wapanda farasi na skauti wenye mbio hupelekwa pembeni kuviokota vijiji vya mbali, halafu wanarudi kujiunga na wenzao kabla ya vita.

Kuhusu nani wa kuajiri, bei isikudanganye. Mchawi wa wanadamu anauzwa dhahabu 20 na ana uhai 24. Askari wa mkuki ni dhahabu 14 na ana uhai 36. Moto wa mchawi unaingia kwa asilimia 70 popote adui aliposimama, jambo ambalo ni zito kama utakavyoona, lakini ukimweka mbele akapokee panga hatamaliza siku. Jeshi zuri la mwanzo lina wabebaji wa mapigo wengi wa bei rahisi, mmoja wawili wa kuua, na tabibu mmoja nyuma yao.

Ardhi ya anayepigwa

Kuna kanuni moja ambayo ikikuingia, nusu ya mchezo umeipata: nafasi ya pigo kuingia haitokani na ustadi wa anayepiga, inatokana na ardhi aliyosimama anayepigwa. Askari wa mkuki akiwa kwenye nyasi anakwepa asilimia 40 ya mapigo. Msituni au kilimani anakwepa 50. Kijijini, ngomeni au mlimani, 60. Akiingia kwenye maji ya kina kifupi anabaki na 20, maana yake mapigo manane katika kumi yanampata.

Kila jamii ina ardhi yake. Waelfi ni watu wa msituni na huko wanakwepa asilimia 60 au zaidi. Watu wafupi wa milimani, wale wenye ndevu na mashoka, wanafikia 70 wakiwa mlimani ila kwenye nyasi wanashuka hadi 30. Farasi msituni ni msiba: anakwenda polepole na anapigwa ovyo. Watu-joka wanaruka juu ya karibu kila kitu, lakini miili yao ni mikubwa, kwa hiyo hata mlimani hawazidi 40. Huna haja ya kukariri. Mchague askari, peleka kipanya juu ya kigae, na asilimia yake ya kukwepa inaandikwa hapohapo.

Watu wakishajua hili hukimbilia kutafuta kigae kizuri cha kusimama, na hapo wako sahihi, ila wanasahau kuuliza swali la pili: adui akitaka kunifikia hapa, yeye atasimama wapi? Chukua mto wa kina kifupi. Ukisimama ukingoni, kila orki anayekuja kukupiga lazima aingie majini, na majini anakwepa asilimia 20 tu. Anakupiga zamu yake, wewe unajibu. Kisha inakuja zamu yako na yeye bado kasimama ndani ya maji. Hata kama ukingo wako ni nyasi za kawaida, umeshinda ardhi. Nikifungua ramani mpya, mito na vinamasi ndivyo ninavyovitafuta kwanza, kabla ya milima.

Saa nazo zina upande

Siku ya Wesnoth ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, machweo, kisha zamu mbili za usiku. Inajirudia hivyo mpaka mwisho, na picha ya jua au mwezi pembeni mwa skrini inakuonyesha uko wapi.

Askari wamegawanyika kwa saa wanazozipenda. Wanadamu wengi na watu-joka ni wa mchana. Skrini itawaandika "lawful". Orki, wafu na majambazi ni wa usiku, "chaotic". Waelfi wengi hawana upande. Wa mchana wanaongezewa asilimia 25 ya nguvu asubuhi na alasiri, na usiku wanapunguziwa asilimia 25. Wa usiku ni kinyume chake. Alfajiri na machweo hakuna anayependelewa.

Mgeni husikia asilimia 25 akaona ni kitu kidogo. Tuiweke mezani. Askari wako mmoja wa mkuki, uhai 36, anashambuliwa na orki watatu wa 9–2 kwa zamu moja. Hayo ni mapigo sita. Usiku kila pigo linakuwa la 11, mchana linakuwa la 7. Tuache kando kwamba na yeye anajibu.

Akiwa kwenye nyasi usiku, mapigo manne yakiingia amekufa, na kila pigo lina nafasi ya asilimia 60. Nafasi ya kumpoteza ni kama asilimia 54. Mtoe kwenye nyasi, mweke kijijini, bado ni usiku: nafasi inashuka hadi 18 hivi. Mrudishe kwenye nyasi lakini iwe mchana: sasa orki wanahitaji mapigo yote sita yaingie, na nafasi hiyo ni kama asilimia 5. Mweke kijijini mchana: chini ya nusu ya asilimia moja.

Askari ni yuleyule, maadui ni walewale watatu, panga ni zilezile. Kuanzia 54 hadi chini ya nusu ya asilimia moja, na kilichobadilika ni kigae na saa tu. Tena tazama kwamba katika mfano huu saa imemsaidia kuliko kijiji. Mtu aliyemsimamisha askari wake kwenye nyasi usiku kisha akalalamikia kete, kete hazikuwa na kosa.

Kwa vitendo maana yake ni hii. Ukiongoza wanadamu dhidi ya orki, usiku usisonge mbele. Rudi kwenye vijiji, ngome au vilima, ubane mstari, uwaache waje wakuvamie mahali ulipopachagua. Kompyuta ina pupa: hutuma askari wake kadiri wanavyoajiriwa, wachache wachache, nao hufika wametawanyika. Alfajiri ikifika, hesabu waliobaki. Asubuhi na alasiri ni zako. Hizo ndizo zamu za kusonga na kuua. Machweo yakikaribia anza kutafuta pa kulala. Ukiongoza orki, geuza yote hayo juu chini.

Basi bahati ina nafasi gani?

Ipo, na hakuna anayekataa. Lakini tuielewe inavyofanya kazi. Mpigaji anayefunga penalti saba katika kila kumi akikosa mbili za kwanza, ya tatu haimdai goli. Nafasi yake ni ileile saba katika kumi. Kila pigo la Wesnoth liko hivyo, linajitegemea. Ukiwa na asilimia 60 na mapigo matatu, nafasi ya kukosa yote ni asilimia 6.4, karibu mara moja katika kila mashambulizi 16. Katika ramani moja ya kawaida unashambulia mara nyingi zaidi ya 16. Kwa hiyo hilo jambo "lisilowezekana" litakutokea, tena huenda zaidi ya mara moja katika jioni moja. Akili yetu inalikumbuka kwa sababu linauma. Mara ambazo askari wako mwenye asilimia 40 alipiga yote hazikumbukwi, kwa kuwa tulidhani ni haki yetu.

Na dhana kwamba kompyuta ina kete zake nzuri si kweli. Kete ni zilezile kwa pande zote, na kwa kuwa msimbo uko wazi, yeyote anayejua kuusoma anaweza kuhakikisha. Gemu yenyewe ina ukurasa wa takwimu unaolinganisha madhara uliyoyafanya na yale yaliyotarajiwa. Mtu akiufungua katikati ya hasira mara nyingi anakuta tofauti ni ndogo kuliko alivyohisi.

Kabla ya kila shambulio dirisha linafunguka, na ndani yake kuna kitufe cha hesabu za madhara. Kibonyeze. Kitakuonyesha nafasi ya kumuua adui, nafasi ya kufa wewe, na uhai unaotarajiwa kubaki kwa kila mmoja. Kisha panga zamu yako ukijiuliza: shambulio hili likienda vibaya, nani atakuwa wazi? Mpango unaosimama kwa pigo moja tu la bahati ni mpango mwembamba. Anza na mashambulizi yasiyo na majibu, yale ya upinde na uchawi, uone yameendaje, ndipo uamue kama mtu wa upanga aingie au akae. Na adui aliyejificha mahali pa asilimia 60 au 70 usimpige kwa mikuki mpaka jioni; mlete mchawi, kwa sababu yeye asilimia 70 yake haijali msitu wala mlima.

Mstari

Vigae vina pembe sita, kwa hiyo askari aliyesimama peke yake uwanjani anaweza kuzungukwa na maadui sita kwa zamu moja. Aliye kwenye mstari ulionyooka, ana mwenzake kushoto na mwenzake kulia, anafikiwa na wawili tu kutoka mbele. Hiyo peke yake inapunguza mapigo mara tatu. Mgeni anayemtuma mpanda farasi wake mzuri mbele peke yake "akawatishe" ametoa zawadi.

Kuna kitu kingine ambacho hakionekani kwa macho na huwachanganya watu: askari wao wanagoma kusonga na hatua bado wanazo. Kila askari wa daraja la kwanza na kuendelea anatawala vigae sita vinavyomzunguka, na adui anayekanyaga kimojawapo lazima asimame hapo zamu hiyo. Maana yake huhitaji ukuta mzima kuzuia njia. Askari wawili wenye vigae viwili vitupu kati yao wanatosha kumzuia adui asipenye kwa zamu moja. Askari wa daraja sifuri hawana utawala huo, na wapo wachache wepesi wa kupenya ambao hawazuiliki nao. Lakini kumbuka mstari wenye mapengo unazuia kupita, hauzuii kupigwa. Aliye kando ya pengo anashambuliwa na wengi zaidi. Mapengo ni ya kuchelewesha, mstari uliobana ni wa kupigana. Ctrl na V zitakuonyesha adui anaweza kufika wapi zamu yake ijayo. Zitumie kila zamu kabla ya kuimaliza, na ukikuta tabibu wako yuko ndani ya eneo hilo, herufi U inarudisha hatua uliyopiga, mradi hujapigana wala kufichua kitu kipya kwenye ukungu unaoficha sehemu za ramani.

Silaha na mwili

Mtu aliyeshinda ramani mbili tatu dhidi ya orki kwa mikuki mitupu hukutana na wafu akadhani gemu imeharibika. Kiunzi cha mifupa kinapuuza asilimia 60 ya madhara ya mkuki, maana mkuki hupita kati ya mbavu. Pigo la 7 linabaki la 3. Lakini rungu zito la askari wa deraya, pigo la 11, dhidi ya mifupa hiyohiyo linaongezeka asilimia 20 na kuwa la 13. Moto nao unaongezeka kiasi hicho. Aina za madhara ziko sita, na kila mwili una inachostahimili na kinachouvunja. Bonyeza adui usome kabla ya kuajiri, siyo baada. Dhidi ya wafu nunua marungu na wachawi, mikuki iwe michache.

Kukua, na kurudi nyuma

Askari anayepigana anapata uzoefu: alama sawa na daraja la adui kwa kila pambano, lakini akimuua anapata alama 8 kwa kila daraja. Pengo ni kubwa. Kwa hiyo pigo la mwisho ni mali, nalo ligawe kwa makusudi: mzoefu wa daraja la tatu amdhoofishe adui, kijana ammalize. Anayepanda daraja anapona papo hapo, hata kama alikuwa amebakiza uhai 2, na hilo linaweza kugeuza zamu nzima. Katika kampeni, waliobaki hai unaweza kuwaita tena kwenye ramani inayofuata kwa dhahabu 20 kila mmoja, awe wa daraja lolote. Shujaa wa daraja la tatu kwa bei ya mchawi mchanga! Ila usiwaite wote; posho yao inafuata daraja, na wazee sita wa daraja la tatu watakumaliza hazina.

Hapo ndipo kurudi nyuma kunapopata maana. Wageni wengi wanaona aibu kumwondoa aliyejeruhiwa, wanataka "afe kiume". Askari akilala kijijini anapona uhai 8 kila zamu. Akikaa karibu na tabibu anapona 4, au 8 kama tabibu amepanda daraja. Akitulia tu bila kusogea wala kupigana anapata 2. Aliyepigwa kwa sumu hupoteza uhai 8 kila zamu mpaka afike kijijini au kwa tabibu anayejua kuiondoa, kwa hiyo huyo mwondoe mapema. Zamu mbili za mapumziko ni bei rahisi kuliko kuajiri mwingine asiye na uzoefu hata wa pambano moja.

Pa kuanzia

Pitia somo la mwanzo lililomo ndani ya gemu, hata kama unajiona umeelewa. Kisha chukua kampeni ya A Tale of Two Brothers, ambayo ni fupi na ya wanaoanza, kwa kiwango rahisi. Usiwe na haraka ya kucheza na watu mtandaoni; kama una rafiki jirani, mnaweza kupokezana kwenye kompyuta moja, na mnajifunza haraka zaidi kwa sababu mnabishana kila zamu.

Kampeni ambayo wengi huvutiwa nayo ni Heir to the Throne, habari za kijana Konrad aliyelelewa na Waelfi na mchawi mzee Delfador. Ramani yake ya kwanza imewafukuza wageni wengi kwa sababu moja tu: hawakusoma malengo. Orki wanakuja kutoka pande kadhaa, na mtu anadhani kazi ni kuwaua wote. Siyo. Malengo yanasema Konrad afike kwenye kibao cha njia, yeye na Delfador wakiwa hai, kabla zamu hazijaisha. Basi ajiri wachache, wasimamishe msituni ambako Waelfi wana nguvu, wazibe njia kwa mstari wenye mapengo, na Konrad aanze kutembea tangu zamu za mwanzo akiwa na Delfador ubavuni. Usiimalize hazina kwa ajili ya vita ambavyo hukuagizwa kuvipigana. Sehemu ya dhahabu utakayobaki nayo huvuka pamoja nawe, na bandarini, kwenye ramani inayofuata, utaihitaji.